Binti yangu yuko Helsinki, kila Oktoba anazimika

Swali

Salaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa Makorora hapa Tanga, shughuli yangu ni mahamri na mikate ya kumimina, nauza asubuhi nje kwangu. Mwanangu wa pili, binti wa miaka 24, yuko Helsinki, Finland, anasomea uuguzi na jioni anafanya kazi ya usafi. Mwaka jana mwezi wa 10 alianza kubadilika: siku za mapumziko analala kutwa, simu hapokei, akipokea anazima video. Nikajua ni upweke wa ugenini. Mwezi wa 4 akawa mzima, anacheka kama zamani. Mwaka huu Oktoba imeingia, amekuwa yuleyule wa mwaka jana. Anasema mwili mzito, analala masaa 10 na bado anaamka amechoka, anataka mikate na vitu vitamu tu, amenenepa. Kinachomchangamsha ni kuoka peke yake. Usiku wa manane anatutumia picha za mkate aliooka. Wifi yangu anasema ametupiwa kitu, baba yake anasema anadeka. Je, huu ni ugonjwa? Kuoka huko kunamsaidia au ndiko kunakommaliza? Na mimi niliye mbali nimfanyie nini?

Jibu

Waalaykum salaam mama yangu, na shikamoo. Umeniita daktari, ahsante, ila mimi ni mwanasaikolojia. Dawa siandiki, kazi yangu ni kumsikiliza mtu na kupanga naye namna ya kutoka alipokwama. Hili lako nalijua kwa kulisoma na kwa kulipitia, nitakueleza mbele.

Nianze na linalokunyima usingizi. Kwa ulivyoandika, mwanao anaonyesha sura nzima ya sonona (depression) ya majira, ile inayowapata watu wa nchi za mbali na ikweta siku zinapofupika. Kilichonivuta zaidi ni kalenda yako, maana uchovu peke yake una baba wengi. Umesema imeanza mwezi wa 10, ikaondoka mwezi wa 4, ikarudi mwezi wa 10. Sisi huwa hatuthubutu kuitaja sonona hii kwa jina mpaka tuione imerudi walau miaka miwili mfululizo, majira yaleyale, na katikati mtu akawa mzima kabisa. Wewe umekaa Makorora na umeyaona hayo yote kupitia simu.

Baba yake anaona kudeka kwa sababu ugonjwa huu umevaa nguo za uvivu. Sonona tuliyoizoea humkosesha mtu usingizi na chakula. Hii ya majira ya baridi mara nyingi huja kinyume: usingizi mwingi usioshibisha, njaa ya wanga na sukari, mwili kama umejazwa mchanga. Anayemwona mtu amelala, anakula na ananenepa, atasema nini kama si uvivu? Huwapata zaidi wanawake, tena vijana, na mwanao ni vyote viwili.

Wifi yako usigombane naye. Kama kuna kisomo kisomwe, dua haijamdhuru mtu. Ila siku mkikaa vizuri mwulize: ni jini gani huyo mwenye kufuata kalenda, anapanda Oktoba, anashuka Aprili, mwaka wa kwanza na wa pili, bila kufukizwa wala kuombwa?

Sasa giza lenyewe. Sisi huku hatuna hata neno lake, na hatulihitaji. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta. Jua letu linatoka mnamo saa 12 na kuzama mnamo saa 12, linachelewa kidogo, linawahi kidogo, na siku ndefu kuliko zote haiipiti fupi kuliko zote hata kwa saa nzima. Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini. Mwishoni mwa Desemba jua la huko linachomoza saa 3 na dakika 20 na kitu asubuhi, saa 9 na robo alasiri limezama. Na hizo saa 6 pungufu, siku nyingi zimefunikwa na wingu. Nikupe kwa hesabu ya sala utaiona vizuri zaidi: adhuhuri inaingia kama saa 6 na dakika 20, magharibi saa 9 na robo. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote zimebanana ndani ya saa 3. Mwanao akienda darasani saa 2 asubuhi ni usiku, akitoka kwenda kwenye usafi saa 10 ni usiku tena. Anaweza kumaliza wiki hajaliona jua ila kupitia kioo. Na bado Helsinki ni kusini ya nchi yao. Juu kabisa, Utsjoki, jua halichomozi kabisa kwa takriban wiki 7, na wenyewe kipindi hicho wana jina lake, kaamos.

Watu wa kwetu wakisikia habari hizi husema "baridi". Hapana, baridi tunayo. Panda Lushoto mwezi wa 7 uone ukungu unavyokaa mpaka saa 4, watu na makoti, mtu akiongea mdomo unatoa moshi. Lakini hata Lushoto saa 12 na nusu pamekucha, na mtu akitoka kuchuma mboga mwanga wote wa mbingu uko machoni mwake. Baridi unaivalia sweta. Giza linaingia ndani zaidi, kwa sababu nyuma ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake hasa ni kupima mwanga na kuipelekea habari saa ya mwilini. Asubuhi mwanga mkali unapogonga pale, mwili unaacha kutoa melatonini, homoni ya usiku, na siku inaanza. Mwanga usipogonga, saa inachelewa. Mwanao anaamka, anaoga, anapanda tramu, na mwili wake bado unaamini ni saa 9 za usiku.

Utaniambia mbona nyumbani kwake kuna taa. Jicho linatudanganya hapo. Nje kwako hapo, mchana wa jua kali, mwanga unafika luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Chumba cha kawaida chenye taa kina luksi 100, 200, pengine 300. Wewe unaona kweupe, ila saa ya mwilini hapo haijaona kitu.

Aliyeuweka ugonjwa huu kwenye vitabu, na habari hii naipenda, hakuwa mtu wa baridi. Ni Norman Rosenthal, daktari aliyezaliwa Johannesburg akaenda New York mwaka 1976 kusomea magonjwa ya akili. Majira ya baridi yalipofika akajiona amepungua, majira ya kuchipua akarudi. Miaka michache baadaye, akiwa kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, yeye na wenzake wakawakusanya watu wenye hali kama yake, wakawaweka mbele ya taa kali, na mwaka 1984 wakachapisha waliyoyaona. Mzaliwa wa giza pengine angedhani ndivyo dunia ilivyo. Ilihitaji mtu aliyekulia kwenye jua kushangaa.

Na mimi yangu. Miaka kadhaa nyuma nilikaa majira ya baridi moja Kiel, kaskazini ya Ujerumani, si mbali na Eckernförde, mji wenye udugu na Tanga yetu. Novemba ilipofika nikawa natoka darasani naingia chini ya blanketi na nguo zangu za nje. Siku moja nikakumbuka kwetu nikachoma udi. Kipande kidogo tu, juu ya kifuniko cha kopo. Moshi ukafika darini, king'ora kikalia, jengo zima likashuka uani na nguo za kulalia, barafu chini, saa 3 za usiku. Mimi mbele yao na kanga. Aibu niliyoipata ile usiniulize.

Kesho yake nikaoka mkate wa kumimina wa kuomba radhi. Tui la kopo, mchele wa dukani, sufuria niliyoazima. Ukatoka mweupe juu kama sabuni, katikati mbichi. Nikaoka wa pili. Ule nikaukata vipande, nikagonga milango minane. Kwenye mlango wa tano alikaa bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, akanivuta ndani, na kwenye meza yake ya chai palikuwa na kitu kama dirisha dogo jeupe linalowaka. Nikadhani televisheni imeharibika. Ndivyo nilivyoijua ile taa ambayo siku hizi nawaeleza watu kwa kuisoma. Kwa hiyo ukiniuliza kama mkate unasaidia, mimi mkate ndio ulionifikisha kwenye taa.

Tuje kwenye kuoka. Sonona ina neno moja inalolipenda: kesho. Nitafua kesho, nitampigia mama kesho. Unga wa hamira hauna kesho. Ukishaumuka umeumuka, usipouoka unachacha, na harufu itakusema. Ndiyo maana mtu aliyeshindwa kujibu ujumbe wa maneno mawili anaweza kusimama jikoni saa nzima. Mikono ina kazi, kazi ina mwisho unaoonekana, nyumba inanukia iliki, na mtu anapata kitu cha kumwonyesha mwenzake. Kwenye tiba yetu tunatumia njia hiyohiyo kwa makusudi: tunampangia mtu shughuli ndogo yenye saa yake, aifanye hata kama moyo haujataka, kwa sababu kwenye sonona moyo hufuata nyuma ya mikono.

Lakini mama, umeandika neno moja ukapita nalo: usiku wa manane. Hapo ndipo penye tatizo. Mwanao anaoka saa ambayo mwili unatakiwa kutulia. Jiko linawaka taa, anakula mkate wa moto amesimama, peke yake, nusu mkate, kisha analala saa 8 na asubuhi haamki. Akikosa asubuhi amekosa hata ule mwanga kidogo uliopo. Unga ni uleule na mkate ni uleule, ila saa ya kuoka imekaa vibaya. Mwambie asiache kuoka. Ahamishe jiko liende asubuhi.

Hapa kwenye mkate wewe ndiye fundi, mimi najipendekeza tu, ila jiko la kule lina tabia zake. Kwetu unga unaumuka wakati umekwenda dukani kununua chumvi. Nyumba za Finland zina joto, kiasi cha nyuzi 20 au 21, lakini hiyo ni baridi kwa hamira iliyozoea Makorora. Itachukua muda mara mbili. Basi ucheleweshaji huo aufanye kuwa faida. Mchele auloweke asubuhi kabla hajatoka. Jioni ausage na tui, sukari na iliki, hamira aweke ncha ya kijiko tu, bakuli alifunike aliweke kwenye friji, yeye akalale. Friji itauumua polepole usiku kucha. Asubuhi aliingize bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, chini yake sufuria ya maji ya moto, mlango afunge. Saa nzima hivi, unga utapanda na vitundu utaviona.

Na ule weupe wa sabuni ulionipata mimi, sababu yake unaijua kuliko mimi: hakuna makaa ya juu. Kumimina kunataka moto wa chini kwanza, kisha upalie juu. Atumie sufuria isiyo na mpini wa plastiki, aipashe kwenye jiko, apake mafuta, amimine, asubiri vitundu vitoboke. Hapo ndipo aingize oveni ya nyuzi 180, na dakika 2 au 3 za mwisho awashe moto wa juu, asiondoke, maana ule moto ukigeuka nyuma unakuta mkaa. Tui la kopo ni zito, alipunguze na maji.

Ile saa nzima ya kungoja unga ndiyo ya taa. Anunue taa ya tiba ya mwanga, huko zinauzwa kwenye maduka ya kawaida ya vifaa vya umeme, inayotoa luksi 10,000 na isiyopitisha miale ya urujuanimno (UV). Aiweke mezani pembeni kidogo ya uso, kwa umbali ulioandikwa kwenye kijitabu chake, nyingi ni kama sentimita 30 mpaka 60. Akae mbele yake dakika 30, macho wazi lakini asiikodolee. Hapo anywe chai, aponde iliki, asome masomo yake. Saa 1 asubuhi ni wakati mzuri. Kila siku, hata siku ambayo haoki, mpaka siku zirefuke mwezi wa 3. Wengi huanza kuona tofauti ndani ya wiki moja au mbili. Jioni asiiwashe, itamkimbiza usingizi.

Kuna watu taa hii tunawazuia kuitumia bila daktari: mwenye ugonjwa wa macho, mwenye kisukari kilichogusa macho, anayetumia dawa zinazofanya ngozi au macho yasistahimili mwanga. Na mwenye historia ya kupandwa na furaha iliyopitiliza, mtu anayekaa siku 4 hajalala, anagawa fedha, anaongea bila kituo. Mwanga mkali unaweza kumrusha. Kama yuko ndugu wa damu aliyewahi kuwa hivyo, mwanao amwambie daktari wa huko kabla hajanunua.

Mchana, saa 6 kwenye mapumziko, atoke nje. Hata kuwe na wingu zito, mwanga wa nje unaushinda wa darasani mara nyingi. Dakika 20 na koti lake, aende azunguke jengo arudi. Kahawa asinywe baada ya saa 8 mchana; nalisema hili kwa sababu Wafini ni miongoni mwa wanaoongoza duniani kwa kunywa kahawa, na ukiwa nao kazini kikombe hakikauki.

Naomba nikae kidogo kwenye iliki. Wafini wana mkate wao mtamu wanaouita pulla, na harufu ya pulla ni iliki. Si kwa kunyunyiza, ni iliki hasa, iliyopondwa ikabaki na chenga. Mara ya kwanza nilipoula nilikaa kimya kwanza, nikajihisi niko Ngamiani alfajiri. Iliki hiyohiyo inalimwa juu yetu hapa, Usambara ya Mashariki, huko Amani, chini ya vivuli vya msitu. Na ukiangalia wanavyooka wakati wa giza utaona wamejipangia: tarehe 13 Desemba, wale wanaozungumza Kiswidi wana mikate ya zafarani, Krismasi kuna vitafunwa vya umbo la nyota na jemu ya plamu, tarehe 5 Februari kuna keki ndogo ya kumkumbuka mshairi wao wa taifa, kisha kabla ya Kwaresima ya Wakristo kuna pulla za krimu. Wamezaliwa humo na bado hawaachi giza lipite bila mkate. Mwanao anaweza kumwomba mwenzake wa darasani amfundishe pulla, yeye amfundishe kumimina. Wafini kwa mazungumzo ya bure ni wagumu, ila ukiwapa kazi ya mikono wanafunguka.

Na mkate akiuoka asubuhi, vipande 2 vyake, vilivyobaki vifungwe viende darasani na kazini. Hii inatibu mambo mawili kwa safari moja: mkate haubaki nyumbani kumwita usiku, na watu wanamjua. Habari ya unene usimtajie kabisa. Ile njaa ya wanga ni dalili, itapungua taa ikifanya kazi. Mwambie tu asile mkate mtupu, auandamize na yai, maharage au samaki, utamshika tumbo muda mrefu zaidi.

Starehe nyingine za nyumbani ni ndogondogo. Kanga kwenye kiti, chai ya tangawizi, redio ya nyumbani kwenye simu wakati anakanda, jioni taa za njano hafifu badala ya nyeupe kali. Udi, umeshasikia.

Sasa yale ambayo mkate hauwezi. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Finland, na vile vya taaluma kama uuguzi, wana huduma yao ya afya iitwayo YTHS, na afya ya akili imo. Aende, asingoje Januari. Aeleze kama ulivyonieleza wewe, na miezi yake. Huko wanaweza kumpa tiba ya mazungumzo, na hii nisiipite haraka. Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, na wenzake waliwagawa wagonjwa wa sonona hii, wengine taa, wengine mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo. Majira yaleyale, wote walipata nafuu karibu sawa. Lakini majira ya pili ya baridi baada ya tiba, waliorudiwa kati ya wale wa taa walikuwa kama 46 kwa kila 100, na kati ya wale wa mazungumzo kama 27. Taa inasaidia unapokaa mbele yake. Aliyejifunza namna ya kuishi na Novemba hubaki nayo. Dawa za sonona nazo zipo na zinasaidia, hilo ni la daktari wake. Vitamini D ameze kama watakavyomwelekeza, maana ngozi yetu nyeusi na jua lile haviwezani. Ila ameze kwa ajili ya mifupa, asiitegemee kwa ajili ya moyo.

Akikuambia hata mara moja kwamba amechoka kuishi, au afadhali asingekuwepo, usilizime kwa "astaghfirullah, usiseme hivyo". Mwulize wazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, kunampa nafasi ya kulitoa. Akisema ndiyo, usikate simu mpaka ujue nani yuko naye, na yeye au aliye naye apige 112, namba ya dharura ya huko. Hata kama hajafika huko, akiacha kwenda kazini na darasani, akiacha kuoga, akiacha hata kuoka, asingoje miadi.

Maneno ya kumwambia ni machache. "Jikaze" liache. "Mbona wenzako wako huko na wanatuma fedha" liache kabisa, baba yake naye aambiwe. "Rudi nyumbani" usilifanye salamu ya kila simu. Anajua nyumbani pako wapi. Mwambie jina la kinachomsumbua, kwamba si yeye peke yake, na kwamba mwaka jana kiliondoka.

Kumtumia vitu: iliki kavu ya maganda, ile ya kijani, asiisage mpaka siku ya kuoka. Na kanga moja uliyoivaa. Samli, maziwa na nyama usitie, nchi za Umoja wa Ulaya hazipokei vitu hivyo vikitoka kwetu kwenye mzigo wa mtu. Mbuzi ya kukunia ukitaka kumtumia mtumie, ila nakuhakikishia mkaguzi wa uwanja wa ndege ataishika juu aulize ni silaha ya nini.

Kubwa zaidi kuliko mzigo ni saa yako. Tanga na Helsinki, kuanzia mwisho wa Oktoba, zinapishana saa 1 tu. Wewe unaamka saa 10 kukanda, saa 2 mahamri yamekwisha sinia tupu. Kwake ni saa 1 asubuhi, ndiyo saa ya taa. Mpigie hapo badala ya usiku. Simu yako iegemeze kwenye sufuria, yake aiegemeze kwenye taa, kila mtu na kazi yake. Akizima video mwache azime, usikate. Kumbuka habari ya kuloweka mchele: kesho asubuhi usimuulize anajisikiaje, maana kila mtu anamuuliza hivyo naye hana jibu. Mwambie aloweke vikombe viwili kabla hajatoka, na keshokutwa utampigia uone umeumukaje.